Kulipia mpango wa lishe: je, anayefanya mazoezi anapata thamani ya fedha yake?

Mnyanyuaji ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Nimekuwa nikinyanyua vyuma kwa miaka kadhaa, na sasa nimeongeza mbio ndefu kwa sababu ninajiandaa kukimbia nusu marathoni. Nia yangu ni kupunguza mafuta mwilini bila kupoteza misuli niliyoihangaikia kwa muda mrefu. Kwa upande wa mazoezi sina tatizo, kwani ratiba ninaifuata. Ninapokwama ni kwenye chakula: wiki moja ninakula kwa mpangilio, inayofuata mambo yanakwenda ovyo, na uzito unabaki palepale.

Nimekutana na mpango wa lishe wa kulipia kila mwezi. Ukijiunga unajaza dodoso, unapewa kiwango cha kalori na protini, orodha ya milo, programu ya simu ya kurekodi unachokula, na unaingizwa kwenye kundi la wanachama wenzako. Wenyewe wanasema kila mpango umeandaliwa kwa ajili ya mtu mmoja tu. Ada yake si ndogo, na usajili hujihuisha wenyewe kila mwezi hadi mtu ajitoe.

Ninaomba kujua kutoka kwa waliowahi kulipia, na kwa wenye ujuzi wa fani hii, ni kitu gani hasa nitakachonunua ambacho siwezi kukipata bure. Pia, kama ipo mipango yenye manufaa ya kweli, nitaitofautishaje na ile inayouza karatasi tu?

Hesabu Kwanza amejibu:

Ndugu Mnyanyuaji, nianze na hicho wanachokiita mpango wa mtu mmoja, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Dodoso la namna hiyo kwa kawaida huuliza uzito, urefu, umri, jinsia na kiwango cha mazoezi, kisha majibu huingizwa kwenye kanuni ambayo iko wazi kwa kila mtu. Mojawapo ya zile zinazotumika sana ni ya Mifflin na St Jeor, iliyochapishwa mwaka 1990. Chukua mwanamume wa kilo 70, mwenye urefu wa sentimita 175 na umri wa miaka 30. Kilo unazizidisha kwa 10, unapata 700. Sentimita unazizidisha kwa 6.25, unapata takriban 1,094. Unajumlisha, unatoa umri mara 5, yaani 150, kisha unaongeza 5 kwa kuwa ni mwanamume (kwa mwanamke hutolewa 161). Jibu ni karibu kilokalori 1,649, ambazo mwili huzitumia kwa siku hata ukiwa umepumzika tu. Kwa mtu mwenye mazoezi ya wastani, kiasi hicho huzidishwa kwa 1.55, kikawa takriban 2,556. Anayetaka kupungua taratibu ataondoa 400 hivi na kubaki na karibu 2,150.

Protini nayo haina siri. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi uliojumuisha tafiti 49 za watu wanaofanya mazoezi ya nguvu, na ukaonyesha kwamba faida ya kuongeza protini kwa ajili ya misuli hufifia inapofika kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mtu wetu hiyo ni gramu 112, na kwa kuwa kila gramu ya protini ina kilokalori 4, inakuwa 448. Mafuta tumpe gramu 70, yenye kilokalori 9 kila gramu, yaani 630. Kinachobaki, kama kilokalori 1,070, ni wanga, karibu gramu 268. Basi, kazi imekwisha, na umeifanya kwa kalamu na karatasi.

Sisemi kwamba namba hizo ni za uhakika. Kanuni hutoa makadirio ya watu wa aina yako, na mwili wako unaweza kuwa juu au chini ya hapo kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo unajipima asubuhi kabla ya kula, unachukua wastani wa wiki na kuulinganisha na wa wiki iliyotangulia, kisha unarekebisha. Jedwali la virutubisho vya vyakula linatolewa bure na Wizara ya Kilimo ya Marekani, na programu za kurekodi milo zipo nyingi ambazo toleo lake la bure linatosha. Mpango unaokuuzia hesabu hii pamoja na orodha ya milo, bila kitu kingine, hauna thamani ya ada ya mwezi mmoja, sembuse ya mwaka.

Mama Mizani amejibu:

Ninakubaliana na hesabu za ndugu hapo juu, ila hitimisho lake silikubali lote. Mnyanyuaji hakusema kwamba hajui ale nini. Alisema kwamba wiki moja anaweza na inayofuata anashindwa, na tatizo hilo haliponywi na kanuni.

Mimi nililipia, tena baada ya kuwa nimekwisha kupiga hesabu zangu mwenyewe. Mshauri niliyempata hakunipa orodha yoyote ya milo. Aliniomba nirekodi kila nilichokula kwa namna niliyozoea, akasoma rekodi yote, kisha akauliza swali moja: mafuta ya kupikia yako wapi? Nilikuwa ninapima kila kitu kwenye mizani ya jikoni isipokuwa mafuta, ambayo niliyamimina kwa kukadiria. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina karibu kilokalori 120. Vijiko vitatu kwa siku ni 360, na upungufu wa 400 uliopangwa kwa uangalifu wote huo unabaki 40 tu. Hakuna programu ya simu ambayo ingeniuliza hivyo, kwa sababu programu hujumlisha kile ulichoandika na haiwezi kuona ulichokiacha.

Wala hili si langu peke yangu. Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti wa watu waliodai kwamba hawapungui ingawa wanakula chini ya kilokalori 1,200 kwa siku. Walipopimwa kwa njia zisizotegemea kumbukumbu zao, ilionekana kwamba kwa wastani walikuwa wanaripoti pungufu ya walichokula kwa asilimia 47, na mazoezi yao waliyakadiria kupita kiasi kwa asilimia 51. Hawakuwa waongo, kukadiria chakula chako mwenyewe ni kazi ngumu, na jicho la mtu mwingine huona kile ambacho wewe umekizoea.

Ndiyo maana jibu langu kwako, Mnyanyuaji, ni kwamba kinachostahili kulipiwa ni ufuatiliaji. Waulize waziwazi ni nani atakayesoma rekodi zako, atazisoma mara ngapi, na atabadilisha nini uzito usiposhuka kwa wiki tatu mfululizo. Wakikujibu kwamba utasaidiwa na kundi la wanachama, elewa kwamba wanachama wenzako ndio watakaoifanya kazi unayoilipia. Mimi nilipokwisha kujifunza kusoma rekodi zangu mwenyewe nilisitisha malipo, na mshauri wangu alifurahi, jambo ambalo kwangu ni dalili ya mtu anayeipenda kazi yake.

Mtaalamu wa Lishe amejibu:

Nimesoma michango yote kwa makini, nami ninafanya kazi hii hospitalini, hivyo naomba kuongeza upande ambao haujaguswa, nao ni usalama.

Katika nchi nyingi, cheo cha mtaalamu wa lishe tiba kinalindwa na sheria: mtu hawezi kukitumia bila kusomea na kusajiliwa. Majina kama kocha wa lishe au mshauri wa lishe mara nyingi hayalindwi hivyo, kwa hiyo anaweza kuyatumia aliyesoma kwa miaka na aliyemaliza kozi ya siku mbili mtandaoni. Wapo makocha wazuri sana wasio na usajili huo, na wengine nimefanya nao kazi. Hata hivyo, kama una kisukari, ugonjwa wa figo, shinikizo la damu linalohitaji dawa, ujauzito, au umewahi kuwa na matatizo ya ulaji kama kujinyima chakula au kujitapisha, usinunue mpango wa mtandaoni. Unahitaji mtu anayeweza kusoma vipimo vyako na kuwasiliana na daktari wako.

Hata kwa mwenye afya njema, hasa anayeunganisha vyuma na mbio ndefu, ipo hatari inayotokana na mipango yenye namba moja kwa wote. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilichapisha maelezo ya hali ambayo mwanamichezo, mwanamume kwa mwanamke, anakula kidogo kuliko mazoezi yake yanavyodai, hadi mwili unaanza kubana matumizi kwenye homoni, mifupa na kinga. Tazama mfano wa mwanamke ambaye uzito wake ukiondoa mafuta ni kilo 48. Amepangiwa kilokalori 1,800, kiwango kinachoonekana cha kawaida kabisa. Siku ya mbio anachoma 600 mazoezini, zinabaki 1,200 kwa kazi nyingine zote za mwili, yaani 25 kwa kila kilo ya mwili usio na mafuta. Kiwango ambacho wataalamu wamekitumia kwa muda mrefu kama mstari wa tahadhari ni 30. Akiendelea hivyo kwa miezi, hedhi inaweza kukatika, mifupa ikapata nyufa, na yeye akadhani kwamba anahitaji kuongeza nidhamu. Mpango usiouliza unafanya mazoezi gani, siku zipi na kwa muda gani, hauwezi kuiona hali hiyo.

Kuhusu kutofautisha, ninatazama mambo machache. Anayeahidi kilo kadhaa ndani ya wiki ya kwanza anakuuzia maji: kila gramu ya wanga iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini hukaa na takriban gramu 3 za maji, hivyo ukikata wanga ghafla mizani itashuka haraka huku mafuta yakiwa hayajaguswa. Anayekuandikia virutubisho vya chupa anavyoviuza mwenyewe ana maslahi mawili yanayogongana, na kwa jambo hilo Taasisi ya Michezo ya Australia imeweka wazi, bila malipo, mgawanyo wa virutubisho hivyo kwa kadiri ya ushahidi uliopo. Na anayekutoza zaidi ili apime vinasaba vyako akuchagulie kati ya lishe ya mafuta kidogo na ya wanga kidogo, mwambie asome utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2018. Watu 609 waligawanywa kati ya lishe hizo mbili kwa miezi 12. Waliopunguza mafuta walishuka kilo 5.3 kwa wastani, waliopunguza wanga kilo 6.0, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu, na vinasaba vilivyopimwa havikuweza kubashiri nani afuate ipi. Katika kila kundi wapo waliopungua sana na wapo walioongezeka. Lishe utakayoweza kuishi nayo ina nafasi kubwa kuliko jina lake.

Polepole amejibu:

Kwa kifupi, ipo njia ya kati ambayo watu huisahau. Jirekodi mwenyewe kwa wiki chache, kisha lipia kikao kimoja au viwili na mtaalamu aliyesajiliwa ukiwa na rekodi hizo mkononi. Atafanya kwa saa moja kile ambacho ada ya mwezi mara nyingi haikifanyi. Na kabla ya kutoa namba ya kadi kwa usajili wowote unaojihuisha, soma masharti ya kujitoa, kwa kuwa kuingia huwa ni kubofya mara moja na kutoka ni barua pepe zisizojibiwa.

Mnyanyuaji amejibu:

Ninawashukuru nyote kwa dhati. Niliwaandikia wenye mpango nikawauliza maswali ya Mama Mizani. Walijibu kwa adabu kwamba rekodi husomwa na mfumo na kwamba mshauri hupatikana kwa nyongeza ya malipo, basi nimeachana nao. Nitafuata njia ya Polepole, na mafuta ya kupikia nimeanza kuyapima.

Nimebakiwa na swali moja kwa Mtaalamu wa Lishe. Siku ninazokimbia mbio ndefu, nibaki kwenye upungufu uleule wa kalori au niuache?

Mtaalamu wa Lishe amejibu:

Uache siku hiyo. Rudisha zile 400, na uzirudishe kwa wanga zaidi, nyingi kati yake kabla ya kukimbia na mara baada ya kumaliza. Mbio zikizidi saa moja na nusu hivi, tumia gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa ukiwa njiani, na uanze kuzoeza tumbo sasa badala ya kusubiri siku ya mashindano. Upungufu uuweke kwenye siku za mapumziko na za mazoezi mepesi. Kasi ya kushuka iwe ndogo: katika utafiti mmoja wa mwaka 2011 uliofanywa kwa wanamichezo waliokuwa wakifanya pia mazoezi ya nguvu, waliopungua takriban asilimia 0.7 ya uzito wao kwa wiki waliongeza uzito usio wa mafuta, ilhali waliokwenda kwa asilimia 1.4 hawakuongeza. Kwa mtu wa kilo 70, asilimia 0.7 ni kama nusu kilo kwa wiki. Nguvu zako za kunyanyua zikishuka kwa wiki mbili mfululizo, punguza upungufu kwa nusu kabla hujabadilisha kitu kingine chochote, kisha unijulishe hapa.