Rege ya Injili itapataje kipengele chake katika tuzo za muziki wa Kikristo?

Mpiga Besi:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Sisi ni kundi la wanamuziki na watayarishaji wa rege ya Injili, na tumekubaliana kuwaomba waandaaji wa tuzo moja ya muziki wa Kikristo watutengee kipengele kinachojitegemea. Kila mwaka nyimbo zetu huingizwa katika kipengele cha muziki wa kisasa na kushindanishwa na nyimbo za kuabudu za kinanda na kwaya, mbele ya majaji waliozoea kupima mpangilio wa sauti, ambao hawajui kwamba katika rege besi ndiyo inayobeba wimbo. Maoni tuliyorudishiwa mara ya mwisho yalisema ngoma yetu "inachelewa", ilhali ngoma kubwa kuacha pigo la kwanza na kuangukia la tatu ndiyo alama ya mtindo wenyewe! Rege ya Jamaika iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2018, kwa hiyo hatuombi kitu kisichojulikana. Je, tuanze kwa kukusanya saini, au kuna njia bora zaidi?

Karani wa Fomu:
Amina, ndugu. Nimeshughulikia fomu za tuzo kwa muda mrefu, na ninavyoona mimi, saini hazitawafikisha mbali, kwa sababu swali la kwanza la mwandaaji yeyote ni kama kipengele kitapata washiriki wa kutosha kila mwaka. Tazameni yaliyotokea kwenye Grammy, tuzo kubwa za muziki za Marekani: mwaka 2009 kipengele cha polka, muziki wa dansi wenye asili ya Ulaya, kilifutwa, na mwaka 2011 vipengele vyote vilipunguzwa kutoka 109 hadi 78, kikaondoka kile cha muziki wa Hawaii na hata kile cha albamu za Injili za roki na rap. Utaratibu uliotangazwa wakati huo ulisema kwamba kipengele kikipata rekodi chini ya 25 hakitolewi tuzo mwaka huo, na kikibaki hivyo kwa miaka 3 mfululizo kinafutwa kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika barua, hakikisheni kila msanii wenu anawasilisha kazi yake na kutaja mtindo wake waziwazi. Wengi huandika "Injili" tu penye nafasi ya aina ya muziki, na hapo ndipo rege inapopotea, maana mwandaaji akihesabu mwisho wa mwaka haioni popote. Angalieni pia tarehe ya kutoka kwa wimbo na majina ya watunzi, kwani kazi nzuri huenguliwa kwa kasoro ndogo kama hizo.

Mtunzi Msomaji:
Naheshimu ushauri huo, lakini nina wasiwasi na lengo lenyewe. Mwaka 2013 Lecrae, ambaye ni rapa, alishinda Grammy ya albamu bora ya Injili bila kutengewa kipengele cha rap, na ushindi ule ulisikika kwa watu ambao wasingefuatilia kamwe tuzo ya rap ya Kikristo peke yake. Kipengele kidogo mara nyingi hutangazwa kabla ya hafla kuanza kuoneshwa, na mshindi hasikiki nje ya kundi lake. Isitoshe, Grammy ina kipengele cha rege tangu mwaka 1985, na mashairi ya imani hayamzuii mtu kushiriki humo. Mimi ningepeleka kazi bora huko kwenye ushindani mpana, hata kama kushindwa kutakuwa kwingi mwanzoni.

Dada wa Kwaya:
Kaka Mtunzi, hoja yako ina uzito pale tu majaji wanapoujua muziki wanaousikiliza. Mwaka 1989 Grammy ilipoanzisha kipengele kimoja cha roki nzito na metali, tuzo ilikwenda kwa Jethro Tull, kundi la roki linalojulikana kwa filimbi, badala ya Metallica, kundi la metali hasa, watu wakalalamika sana, na mwaka uliofuata vikawa vipengele viwili. Ndiyo maana ningeanza na viti vya majaji. Tuzo za Dove, zile za muziki wa Kikristo za Marekani, kwa mfano, hupigiwa kura na wanachama wa Gospel Music Association, na palipo na utaratibu wa namna hiyo mwanarege asiyejiunga hana kura. Andikeni pia maelezo mafupi ya mtindo wenu, mkisema wazi kama raga (rege ya midundo ya kompyuta, ambamo msanii hughani zaidi kuliko kuimba) imo au haimo, kwa sababu swali hilo mtaulizwa kwenye kikao cha kwanza.

Mpiga Besi:
Asanteni sana. Suala la raga hatujawahi kulijadili, na najua tutavutana, kwani baadhi ya wazee wetu hawaikubali. Tutalimaliza kwanza sisi wenyewe, kisha tutapendekeza majina mawili ya kukaa na majaji huku kila mmoja akiwasilisha kazi yake msimu huu. Barua ya kuomba kipengele itasubiri hadi tuwe na orodha ya albamu ya kuambatanisha.