Steji ya matatu kwa rangi za maji: nitoe nini, nibakize nini?

Mchoraji_SouthB
Hamjambo wasanii. Nina picha ya simu ya steji ya Ambassadeur katikati ya Nairobi, jengo la mviringo la Hilton likiwa nyuma, imepigwa saa saba mchana. Kuna matatu sita, mkokoteni, wachuuzi, mabango, nyaya na watu wanaovuka. Karatasi ni A4, nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Nikichora kila kitu jicho linakosa pa kutua, na vivuli vinageuka tope. Nianze kufuta wapi?

Brashi12
Usianze kufuta, anza kuunganisha. Fumba macho nusu uitazame picha: matatu zilizo kivulini, mkokoteni na miguu ya watu vinashikana kuwa doa moja. Basi lichore kama doa moja. Kwa penseli laini ya 4B tengeneza kijipicha cha sentimita 7 kwa 10 chenye viwango vitatu tu: karatasi tupu, kijivu cha kati, na giza. Kisipoeleweka hapo, rangi haitakiokoa.

Mpako wa kwanza ni mwepesi na unafunika karatasi yote, isipokuwa paa za matatu na mabega yanayopigwa na jua. Hizo sehemu ziruke. Weupe ukishaupaka rangi, kuurudisha ni kazi. Subiri ikauke. Gusa kwa mgongo wa kidole: ukihisi ubaridi, bado. Kisha vivuli, kwa bluu ya ultramarini na siena ya kuchoma (kahawia yenye wekundu). Shuka kutoka ubavu wa jengo hadi chini ya matatu bila kuinua brashi, ukibadilisha kidogo tu, bluu zaidi juu, siena zaidi chini.

Tope halitokani na giza. Linatokana na kurudiarudia mpako ambao haujakauka, au kuchanganya rangi nne tano kwa pamoja. Na ukigusa mpako uliokauka nusu kwa brashi yenye maji mengi, maji yanasukuma rangi pembeni na unapata madoa yenye kingo kama koliflawa. Yaache yakauke kwanza, ukiyasugua yanazidi.

Wanjiku_rangi
Nakubali, ila mimi ningetupa hiyo picha kwanza. Saa saba Nairobi jua liko karibu na utosi, kwa hiyo vivuli ni vipande vidogo chini ya magari na hakuna cha kuunganisha. Rudi saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni: upande mzima wa barabara unaingia kivulini, na nusu ya kazi imeshafanywa.

Hilton ni umbo tu. Mpako mmoja wa kijivu hafifu, upande mmoja umekolea kidogo ili uviringo uonekane, madirisha sifuri.

Mchoraji_SouthB
Asanteni. Na mabango? Bila maandishi itajulikana kweli ni tao, yaani mjini Nairobi?

Wanjiku_rangi
Itajulikana kwa ule mstari wa manjano ubavuni mwa matatu. Uweke kwenye moja tu, iliyo mbele. Maandishi yanayosomeka huvuta jicho hata yakiwa pembeni kabisa, kwa hiyo mabango yawe vipande vya rangi. Nyaya mbili zinatosha, zikatikekatike, na zije mwisho.

Brashi12
Watu nao: kama umesimama na barabara ni tambarare, vichwa vya watu wazima vyote vinakaa karibu mstari mmoja, wa mbali na wa karibu. Kinachobadilika ni miguu inafika wapi. Vichwa viwe vidogo, mwili mzima ni kama vichwa saba, nyayo usichore. Wengi waache wayeyukie kwenye lile doa wakati bado ni bichi. Mmoja tu, kwa mfano mchuuzi, msimamishe mbele ya lami yenye mwanga, na hapo ndipo utumie kingo kali.

Halafu angalia msimu. Januari na Februari hewa ni kavu na mpako unakauka kabla hujafika chini. Lowesha karatasi kwanza, utumie brashi namba 12 au kubwa zaidi. Julai ni kinyume, utangoja mpaka uchoke.