Tupeane uzoefu: waliokwenda kuhiji Kailash na ziwa Manasarovar

Habarini wakubwa kwa wadogo. Mama yangu ana miaka 67, mzaliwa wa Tanga, na tangu nina akili zangu picha ya Kailash iko ukutani pale anapowasha taa ya sala. Sasa amesema mwakani lazima aende, na wa kumsindikiza ni mimi. Mawakala ninaowauliza wananitumia bei na picha tu. Waliofika, mwili ulikuwaje? Mzee wa umri huu anaweza?

Kwa wasioujua, mlima huu uko Tibet, mita 6,638, na sisi Wahindu tunaamini ndiyo makao ya Shiva na Parvati. Wabudha, Wajaini na watu wa dini ya Bon nao wanauheshimu. Ziwa liko karibu yake, mita 4,590 hivi.

Mdau wa Mombasa

Kwanza pasipoti. Njia za serikali ya India, ile ya Lipulekh ya tangu 1981 na ya Nathu La iliyofunguliwa 2015, ni za raia wa India peke yao. Zilisimama 2020, zikarudi 2025, lakini wewe mwenye pasipoti ya Tanzania hazikuhusu. Pitia Nepal na kikundi, kibali wanakuombea wao.

Sisi tulitoka Nepalgunj kwa ndege ndogo hadi Simikot, halafu helikopta hadi Hilsa, ukivuka daraja uko Tibet. Simikot tulikaa siku mbili tukingoja mawingu yafunguke. Nilinung'unika sana, kumbe zile siku ndizo zilizoniokoa, mwili ulipata kuzoea.

Ziwani, msahau kujitosa. Wachina wamekataza watu kuoga ndani ya ziwa. Tulichotewa maji kwa ndoo, tukaogea pembeni kwenye hema. Mimi mtoto wa bahari nilijisikia kuonewa, mpaka kata ya kwanza iliponigusa mgongo. Nikashukuru kuwa ni ndoo! Usiku watu hawalali, wanakodolea macho ziwa kwa kuwa inasemekana miungu hushuka kuoga kwa sura ya mianga. Mimi niliona nyota. Mke wangu anasema aliona, na hadi leo hatujaelewana.

Mdau wa Moshi

Mimi si Mhindu, ni mwongozaji Kilimanjaro, naomba nichangie hapo kwenye mwinuko. Ziwa lenu tu linakaribia Kibo Hut, kambi ya juu huku Kilimanjaro, ambayo ni mita 4,720, na pale nimeshashusha vijana wa mazoezi kwa machela. Mama asipandishwe kwa gari siku moja kutoka chini. Anywe maji, ale hata kama hana hamu, na akianza kuyumba kama mlevi au kukohoa akiwa amekaa, ashushwe usiku huohuo, msingoje kukuche. Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, amuone daktari kwanza, si kuokota kwa jirani.

Swali langu: mnafika kote huko halafu kileleni hampandi?

Mdau wa Nairobi

Kaka wa Moshi, hatupandi. Ni nyumba ya mwenyewe ile, unaizunguka, huikanyagi paa. Na vibali vya kuupanda havitolewi.

Mzunguko ni kilomita 52 hivi, wengi wetu siku tatu. Nilikwenda na mama mkwe, miaka 70. Siku ya kwanza, toka Yam Dwar, lango la kuanzia mzunguko, hadi Dirapuk tulipolala, alikuwa juu ya farasi akiimba. Jioni upande wa kaskazini wa mlima ukafunguka wote mbele yetu, mweusi wenye theluji, akalia. Usiku midomo ikawa ya bluu. Mtungi wa oksijeni ambao wakala alituahidi ulikuwa na hewa ya kama nusu saa. Alfajiri akateremshwa Darchen, mji ulio chini ya mlima. Nilitaka kushuka naye, akanikemea: "Wewe nenda, mguu wako ni mguu wangu."

Nikapanda Dolma La, njia ya kuvukia milima iliyo juu kuliko zote kwenye mzunguko, mita 5,630, hewa nusu ya ile ya pwani. Hatua kumi, simama. Pembeni yangu bibi mmoja wa Kitibeti akapita na rozari mkononi, hata hahemi! Wenyeji wengi wanamaliza kwa siku moja, na wapo wanaojilaza kifudifudi njia nzima. Juu kuna bendera za sala hadi huoni mawe. Ukianza kushuka unaliona ziwa dogo la Gauri Kund kule chini, kijani. Nilikaa juu dakika tano tu, kichwa kilikuwa kinapasuka.

Nyongeza: 2026 ni Mwaka wa Farasi katika kalenda ya Kitibeti, Watibeti wanasema mzunguko mmoja ni sawa na 13. Mkienda mwaka huo, tarajieni msongamano.

Mwenye uzi

Asanteni mno. Nimemsomea mama yote, hadi ile ya midomo ya bluu. Kanyamaza kidogo, kisha kasema ndoo inamtosha, na Dirapuk atafika kwa farasi, auone ule uso wa kaskazini, alfajiri ateremke. Dolma La niende mimi.

Limebaki moja. Maji ya ziwa mlirudi nayo vipi kwenye ndege? Ameshawaahidi majirani kumi na mmoja.