Je, harakati za Waukraine kabla ya vita ya pili ziliundwa na wageni?

Mdau wa Kigoma: Wakuu, heshima kwenu. Kuna jamaa anashikilia kwamba Waukraine waliopigania nchi yao miaka ya 1920 na 1930 walikuwa vibaraka wa Ujerumani, basi. Mwenye kuijua historia hii atusaidie.

Mwalimu Zamani: Ndugu yangu, fedha za Ujerumani zilikuwepo. Yevhen Konovalets aliongoza UVO, jeshi la siri la Waukraine lililoundwa 1920, na 1929 akawa kiongozi wa OUN, yaani Umoja wa Wazalendo wa Ukraine, iliyoasisiwa Vienna. Idara ya ujasusi ya jeshi la Ujerumani iliwapa fedha, nao wakaipeleleza Poland, iliyokuwa inatawala Waukraine wa magharibi, kwa niaba yake.

Ila muulize huyo jamaa kama amewahi kusikia habari za Lithuania. Ilikuwa inagombana na Poland juu ya mji wa Vilnius, kwa hiyo ikamkatia Konovalets pasipoti, ikawachangia fedha, na gazeti lao la siri, Surma, likawa linachapwa Kaunas, hukohuko Lithuania, na kuingizwa Poland kwa magendo. Kila aliyewasaidia alikuwa na kesi yake na Poland.

Sasa hasira yenyewe ilitoka wapi? Mwaka 1923 mabalozi wa mataifa makubwa walikaa Paris wakaihalalishia Poland Galicia ya mashariki, ambako Waukraine ndio walikuwa wengi. Mwaka 1930, vijana wa OUN walipochoma mashamba ya mabwanyenye, serikali ya Poland ilipeleka polisi na wapanda farasi vijijini. Walichapa watu viboko, wakavunja maduka ya ushirika na vyumba vya kusomea, wakamwagia vyakula mafuta ya taa. Mwanakijiji aliyeona unga wake unanuka mafuta ya taa hakuhitaji kuchochewa na mtu wa Berlin.

Binti Mrima: Shikamoo mwalimu. Na Wasovieti hawakuwa na mkono wao?

Mwalimu Zamani: Marahaba mwanangu. Walikuwa nao, tena mrefu. Miaka ya 1920 Moscow iliruhusu Kiukraine kistawi shuleni na maofisini upande wake, na wengi Galicia wakavutiwa. Chama cha Kikomunisti cha Ukraine Magharibi kiliishi kwa msaada wa huko. Mwaka 1938 Komintern, yaani umoja wa vyama vya kikomunisti duniani uliokuwa chini ya Moscow, ikakivunja, baada ya viongozi wake kuitwa Moscow na kuuawa. Mwaka huohuo, Mei 23, jasusi wa Kisovieti Pavel Sudoplatov alimuua Konovalets mjini Rotterdam kwa bomu lililofichwa ndani ya boksi la chokoleti.

Kinachonisumbua mimi zaidi ni mawazo kuliko fedha. OUN iliiga ufashisti wa Italia: kiongozi mmoja, kuabudu nguvu, kumwita msaliti kila asiyekubaliana nao. Mwaka 1934 walimuua Ivan Babii, mkuu wa shule, Mukraine mwenzao. Askofu mkuu Sheptytsky aliwalaani waziwazi. Na wakati huo chama kikubwa cha Waukraine kilikuwa UNDO, chenye wabunge Warsaw, kisichotaka bunduki.

Mdau wa Kigoma: Kwa hiyo Ujerumani ilisimama nao hadi mwisho?

Mwalimu Zamani: Hata kidogo. Mwaka 1934 OUN ilipomuua Pieracki, waziri wa mambo ya ndani wa Poland, mjini Warsaw, mwanachama wake Mykola Lebed alikimbilia Ujerumani, nao Wajerumani wakamkamata na kumkabidhi kwa Poland. Machi 1939 Avgustyn Voloshyn alitangaza uhuru wa Ukraine ya Karpati, jimbo la mashariki mwa Czechoslovakia alilokuwa analiongoza, akiomba ulinzi wa Berlin. Hitler alikuwa ameshairuhusu Hungaria kuichukua, na majeshi ya Hungaria yalikuwa tayari yanaingia.