Mafua ya kipupwe huku Nyanda za Juu Kusini, tupeane uzoefu

Mwana wa Uyole:
Wakuu habari za baridi. Mwezi wa sita ndo huu, mtaa mzima unakohoa, daladala za Mwanjelwa vioo vimefungwa kote watu wanapumuliana usoni. Jana mtoto wa jirani kakohoa mpaka alfajiri nikakumbuka enzi zile Tukuyu tunalala watoto kitanda kimoja, mmoja akipata mafua basi wote. Nyie mnajikingaje? Na mtu akizidiwa usiku mnafanyaje, maana baridi hii boda unampigia hapokei.

Bibi Tangawizi:
Tangawizi, limao, asali. Mafua kwisha.

Mkinga Halisi:
Mbeya baridi ipi? Njoo Kitulo asubuhi uone nyasi zilivyo nyeupe kwa sakitu ndo ufungue uzi.

Dogo wa Soweto:
Kila uzi lazima huyu aje kushindana 😂

Fundi Geti:
Mi nikiona mafua naenda duka la dawa nachukua amoksilini vidonge kadhaa, nikipata nafuu naacha. Sijawahi kulazwa.

Nesi wa Kilolo:
Fundi, mafua ni virusi, amoksilini haiui virusi, ungepona hata ungekunywa uji. Unachofanya ni kuzoesha bakteria dawa, siku ukipata nimonia kweli tutahangaika na wewe. Wenye watoto wadogo: akikohoa mpandishe nguo umwangalie kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi dakika nzima. Chini ya miezi miwili zikifika 60, miezi miwili mpaka mwaka zikifika 50, au mwaka mpaka mitano zikifika 40, hiyo sio mafua ya kusubiri kukuche. Ukiona anapovuta pumzi chini ya mbavu panabonyea ndani, ndo kabisa, kimbia. Na mtoto mwenye mafua asipewe asprini.

Fundi Geti:
Sawa daktari 🙄

Mpangaji Kihesa:
Hapo kwenye kuzidiwa usiku umenigusa. Ilikuwa mwezi wa saba, nimepanga Iringa pale Kihesa, nyumba ya wapangaji, choo kimoja uani, mnazijua. Chumba cha pembeni baba, mama na mtoto wao, wote wana mafua, na kila asubuhi yule baba anaamka kichwa kizito na kichefuchefu, sisi tunamwambia pole mafua hayo, kumbe kila usiku jiko la mkaa linaingia ndani. Siku hiyo mama kapika maharage nje, yalipoiva upepo ukawa mkali wakaingiza jiko, mkaa umeshakolea mwekundu hauna moshi hata kidogo, dirisha wakafunga, chini ya mlango wakaziba na khanga. Usiku wa manane natoka kwenda choo nasikia kitu kinakwaruza mlangoni kwao, chini kabisa, kama panya. Naita shemeji, kimya. Naita tena, mkwaruzo tu. Komeo limefungwa kwa ndani, dirisha lina nondo. Nikaamsha nyumba nzima, kijana mmoja akaja na mtarimbo tukang'oa bawaba. Wakuu, hakuna harufu, hakuna moshi, joto tu linakupiga usoni. Mama yuko sakafuni mkono kaunyoosha mlangoni, kucha zimejaa rangi ya mlango. Tukawaburuta uani na mashuka yao, mtoto kalegea shingo haikai. Bajaji tuliipata kwa sababu tu dereva analala nyumba ya jirani. Hospitali wakawekewa oksijeni, wakapona wote, mtoto ndo alichelewa kuchangamka.

Mama Pacha:
Mungu wangu. Naandika huku jiko liko hapa miguuni.

Dogo wa Soweto:
LITOE NJE SAHIVI

Mama Pacha:
Nishatoa.

Mzee wa Igawilo:
Hapo mngewanywesha maziwa haraka, yanakata sumu.

Nesi wa Kilolo:
Mzee wangu shikamoo, lakini hapana. Mtu hajitambui ukimmiminia maziwa yanaingia kwenye mapafu. Ile hewa ya sumu ya mkaa, kaboni monoksaidi, inakamata damu isibebe oksijeni, maziwa yanakwenda tumboni, yatakutana wapi? Mtoe nje kwenye hewa, mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Mzee wa Igawilo:
Marahaba. Sisi tumeponya watu kwa maziwa hujazaliwa.

Mkinga Halisi:
Kwetu tunaweka sufuria ya maji juu ya jiko, inakata hewa mbaya.

Mpangaji Kihesa:
Haikati kitu kaka, unapata maji ya moto tu. Na wao waliweka.

Mkinga Halisi:
Aisee.

Mwana wa Uyole:
Uzi ulikuwa wa mafua jamani 😅 ila endeleeni. Namba za dharura?

Dada wa Mafinga:
Zimamoto 114, ushauri wa afya 199 ya Wizara, bure zote. Ila kabla ya hapo jua ufunguo wa geti usiku anakaa nao nani. Kwetu mwenye nyumba analala nao chini ya mto na hasikii vizuri.

Bibi Tangawizi:
Na kujifukiza majani ya mkaratusi je?

Nesi wa Kilolo:
Mtu mzima shauri yako. Mtoto usimfunike blanketi na sufuria inayochemka, tunapokea walioungua.

Mama Pacha:
Sasa joto nitoe wapi? Hita ya umeme vipi?

Dogo wa Soweto:
Nzuri sana, kama LUKU analipa shemeji.