Neno "kupwaya": mnalitumia hadi wapi?

Kalamu_Nyeusi
Habari za leo wadau. Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za vikao na taarifa za miradi, na neno "dhaifu" limenichosha. Usimamizi dhaifu, hoja dhaifu, maelezo dhaifu, ukurasa mzima ni hilo tu. Linakwambia kitu ni kibaya, lakini halikuonyeshi ubaya wenyewe ukoje.

Siku hizi nimeanza kutumia "kupwaya". Kwenye nguo sote tunalijua: shati linampwaya, kiatu kinapwaya, pete inapwaya kidoleni. Watangazaji wa mpira nao wamelizoea, utawasikia safu ya ulinzi imepwaya. Mimi nimeandika "maelezo ya mhasibu yanapwaya", na mwenzangu kazini anataka nirudishe "dhaifu", eti kupwaya ni lugha ya mtaani. Mnaonaje? Na je, kila penye "dhaifu" panaweza kukaa "-pwaya"?

Fundi_Sindano
Ndugu yangu, mimi ni fundi cherehani, neno hili nalitamka kutwa. Nguo ikipwaya, mshono wa bega unashuka mkononi, shingo inaachama, na ukishika kiunoni kitambaa kinajaa kiganja. Lakini gauni lililoshonwa pana makusudi halipwayi, hata likimeza kitambaa cha watu wawili. Na nguo ndefu ni ndefu tu. Kupwaya ni pale nguo inapokuwa kubwa na mwili haujai ndani yake. Kwa hiyo maelezo ya mhasibu yanapwaya kama ametaja makubwa na risiti alizoleta haziyajazi. Kama amekosea kujumlisha, hayo hayajapwaya, yamekosewa.

Msahihishaji
Fundi amemaliza kazi, naongeza kidogo. Chukua "cheo kinampwaya". Huwezi kusema cheo ni dhaifu, maana cheo hakina tatizo. Pengine hata mtu mwenyewe hana; apewe kazi nyingine, itamkaa vizuri. Ubaya uko kwenye kukutana kwao, na "dhaifu" haliwezi kulisema hilo hata ulizungushe vipi.

Usilichanganye na "kulegea". Kilicholegea kilikuwa kimekaza hapo awali: nidhamu imelegea, kamba imelegea. Kinachopwaya huenda hakikukaa sawa tangu siku ya kwanza. Nati iliyolegea unaikaza. Inayopwaya kwenye bolti yake unatafuta nyingine. Na mgonjwa aliyedhoofika muache awe dhaifu, hapo neno liko nyumbani kwake.

Hilo la mtaani silikubali kabisa. Neno limo kwenye kamusi, na kulitumia kwa sitiari hakulifanyi la kihuni.

Kalamu_Nyeusi
Asanteni sana, fundi hasa. Nimeirudia taarifa yangu. "Usimamizi dhaifu" nimeufuta nikaandika "usimamizi umelegea tangu msimamizi wa kwanza aondoke", kwa sababu kabla ya hapo kazi ilikuwa inakwenda. Maelezo ya mhasibu yamebaki yanapwaya, ila nimeweka na ushahidi papo hapo: "yanataja vifaa vya vyumba sita, risiti zilizoambatishwa ni za vyumba viwili." Mwenzangu ameisoma na ameiacha ipite. "Hoja dhaifu" bado sijaigusa, maana kuna hoja moja pale ambayo haijapwaya, imepinda. Hiyo naitafutia neno lake.