Tupeane uzoefu: mliowahi kwenda Marekani kufanya kazi za likizo mkiwa wanafunzi, hela ilirudi kweli?

Mwana wa Masindi
Habari zenu wadau. Mimi niko Kampala lakini kwetu ni Masindi, na nimekuja kwenu maana hapa nyumbani usingizi umetuishia. Mdogo wangu yuko mwaka wa pili yunivasiti, kuna ajenti amewaambia yeye na wenzake kwamba likizo ndefu ya Juni wanaweza kwenda Marekani kwa ile programu ya wanafunzi, Summer Work Travel, wanafanya kazi miezi mitatu minne halafu wanarudi na shilingi milioni 30 za Uganda mfukoni. Ajenti anataka milioni 11 zote kwa pamoja, anasema tiketi imo humo humo. Mzee hana hizo hela, ana shamba, na ameshaanza kuulizia bei ya eka mbili za miwa, zile zile zilizotusomesha sote watoto sita. Mimi sipingi dogo aende, naogopa tu eka ziondoke na hela isirudi. Naomba waliokwenda WENYEWE, siyo waliosikia kwa binamu, mtusimulie mlilipa ngapi, mlifanya kazi gani, mlirudi na ngapi. Nasoma kila mmoja.

Dada Kansanga
Kaka nimekwenda mwenyewe, 2023, Ocean City jimbo la Maryland. Ni mji wa ufukweni, kiangazi unajaa watalii na wanafunzi kama sisi, mimi nililala chumba kimoja na wasichana wa Bulgaria na Romania, tulikuwa sita. Kazi yangu ilikuwa kusafisha vyumba vya hoteli.

Nakuandikia hesabu kama ilivyo kwenye daftari langu maana bado ninalo. Ada ya programu pamoja na bima dola 1,350. Ada ya SEVIS, ule mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wageni, dola 35. Viza dola 160, wakati huo ilikuwa haijapanda, katikati ya mwezi wa sita mwaka ule ule ikawa 185. Tiketi dola 1,480. Jumla 3,025, na hapo sijaweka pasipoti, usafiri wa kwenda ubalozini Nsambya mara kadhaa, na zile dola 500 nilizoambiwa niwe nazo mkononi nikifika maana mshahara wa kwanza hautoki siku unayoshuka kwenye ndege.

Nilikuwa nalipwa dola 13 na senti 25 kwa saa. Wiki ya saa 40 ni dola 530. Kodi inakata kama 60, chumba 130 kwa wiki, chakula hata ukijibana vipi ni 60 mpaka 70. Inabaki kama 270. Zidisha kwa wiki 13 uone, ni dola 3,510, yaani ukitoa zile za kwanza nimebaki na dola 485, hata milioni mbili hazifiki!! Na hiyo ni baada ya kuinama kwenye vitanda vya watu miezi mitatu, vyumba 14 mpaka 16 kwa siku, mgongo nikadhani ni wa bibi yangu.

Kilichoniokoa ni kazi ya pili. Kuanzia Julai jioni nilikuwa nauza aiskrimu, saa 20 kwa wiki, LAKINI sponsa wangu, yaani lile shirika la Marekani lililoruhusiwa kutudhamini, aliikubali kwanza kwa maandishi ndipo nikaanza, ukijichukulia kazi ya pembeni kimya kimya unaweza kufutwa kwenye programu. Nikarudi na dola 2,000 na kidogo. Nashukuru Mungu, nililipia ada na nikamnunulia mama cherehani. Ila milioni 30 sijaziona mimi na sijamjua aliyeziona.

Na kitu kingine kaka mwambie dogo asome karatasi ya mshahara mstari kwa mstari. Sisi wa viza ya J-1, ndiyo viza ya programu hii, tunalipa kodi ya mapato lakini hatutakiwi kukatwa Social Security na Medicare, yale makato yao ya pensheni na bima ya afya, ile ni asilimia 7.65, na mimi wiki mbili za kwanza walinikata. Nikaenda kwa yule mama wa mishahara nikamwambia kwa adabu kabisa, akaangalia, akarekebisha akanirudishia. Wenzangu walionyamaza walikatwa msimu mzima.

Mwana wa Masindi
Dada asante sana, hii ndiyo nilikuwa naitafuta. Swali moja, ulijua unakwenda kufanya kazi gani kabla ya kulipa au baada?

Dada Kansanga
Kabla. Meneja wa hoteli alinihoji kwa video, halafu ikaja barua ya kazi ina jina la mwajiri, anwani, mshahara kwa saa, saa za wiki, mpaka bei ya chumba. Baadaye ndipo sponsa akatoa fomu ya DS-2019, ile ya kuombea viza, na bila hiyo fomu hata ubalozini huna cha kwenda kusema. Nililipa kidogo kidogo kwa hatua, sikulipa zote siku moja. Huyo anayetaka milioni 11 kwa mkupuo muulize kwa nini.

Binti wa Arua
Mimi nilinyimwa viza mara ya kwanza na bado naumia nikikumbuka. Ajenti alitupa majibu kumi ya kukariri, tukakaa kwake Wandegeya usiku kucha tunajihoji sisi kwa sisi kama watoto wa darasa la saba kabla ya mtihani wa taifa. Nimefika dirishani yule afisa akaniuliza jambo dogo tu, masomo yako yanafunguliwa lini na umebakiza semista ngapi. Hilo halikuwa kwenye majibu kumi! Nikababaika, nikaanza kumwambia habari ya utamaduni wa Marekani niliyokariri. Dakika mbili, nikapewa karatasi ya kifungu 214(b), maana yake hakuamini kwamba nitarudi nyumbani. Ada ya viza hairudi. Nilitoka pale ubalozini Ggaba Road nikatembea kwa miguu mpaka Kabalagala bila kujua naenda wapi.

Mwaka uliofuata nikaomba tena, safari hii bila kukariri. Nikasema ukweli kwamba nasomea uuguzi, nimebakiza mwaka mmoja, baba ni mwalimu wa praimari na amekopa SACCO, na nikikosa mitihani ya Agosti narudia mwaka. Nikapata.

Mtoto wa Jinja
Mimi 2022, Mackinac Island, Michigan. Wadau hiki kisiwa kiko kwenye Ziwa Huron na magari yamepigwa marufuku tangu 1898, ni farasi na baiskeli tu, unafika kwa boti. Nimekulia kando ya ziwa kwa hiyo siku ya kwanza kuona maji nikafurahi nikadhani niko nyumbani, ila asubuhi nimetoka nje mwezi wa tano baridi ikanikata mpaka masikio, nikaelewa ziwa ni lingine.

Nilikuwa kwenye dobi la hoteli. Mashuka, taulo, mashuka, taulo. Dola 11 kwa saa, chini ya za dada hapo juu, lakini angalieni hili maana watu wanatazama mshahara peke yake: malazi yalikuwa dola 70 kwa wiki, chakula tunakula kantini ya wafanyakazi, hakuna nauli maana kila kitu ni kutembea, na saa zikizidi 40 ile hoteli ilikuwa inalipa mara moja na nusu. Nilikuwa nafanya saa 55. Nikarudi na 2,900 baada ya kulipa deni la mjomba. Nililipa ada yangu ya mwaka wa tatu na ya dada yangu wa kidato cha tano muhula mzima. Rafiki yangu alikwenda mji mkubwa, mshahara dola 14, akaishia kupanga chumba mwenyewe na kupanda basi mbili kwenda kazini, akarudi na nauli ya boda ya kutoka Entebbe tu. Kwa hiyo dogo aulize bei ya kulala na umbali wa kazi kabla ya kuuliza mshahara.

Upweke nao upo na watu hawausemi. Idi nilisali peke yangu chumba cha kuhifadhia mashuka. Nilikuwa natamani posho na maharage, natamani hata rolex ya barabarani, ile chapati ya mayai, natamani mtu aniite jina langu vizuri.

Kabalega II
Yangu fupi. Nilikuwa niende 2020. Nimeshalipa programu, Machi Entebbe ikafungwa, Juni rais wa Marekani akasimamisha viza hizi mpaka mwisho wa mwaka. Sponsa alinirudishia sehemu kubwa kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwenye mkataba. Ajenti wa hapa hakurudisha hata shilingi, mkataba wake ulikuwa wa mdomo.

Fundi Simu Ntinda
Mimi sikufika popote, niliibiwa. Milioni nne na nusu. Ajenti alikuwa na ofisi nzuri, bendera mezani, picha za vijana wako uwanja wa ndege. Akanipa DS-2019 imepigwa muhuri, nikaipeleka nyumbani mama akailia kwa furaha. Kilichonifungua macho ni kwamba kuna orodha ya wadhamini wote walioruhusiwa, iko kwenye tovuti ya J-1 ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, mtu yeyote anaisoma bure. Nikamtafuta yule sponsa aliyeandikwa kwenye fomu yangu, yupo kweli, nikamwandikia barua pepe. Kesho yake wakajibu kwamba hawana mtu wa jina langu na hawamjui huyo ajenti. Nikarudi ofisini nikakuta inapakwa rangi, saluni inaingia.

Kaka wa Masindi, hiyo barua pepe moja ingeniokolea milioni nne na nusu. Iandike kesho asubuhi.

Mama Bombo
Wanangu nawasalimu. Mimi sikwenda, alikwenda kijana wangu, 2018. Alikuwa anarudi Septemba. Mwezi wa nane akanipigia akasema mama nimepata kazi nzuri kwenye mji mwingine, nitakaa kidogo. Kidogo hicho mpaka leo. Hela anatuma, siwezi kusema uongo, nyumba hii ina bati jipya kwa sababu yake. Lakini alibakiza mwaka mmoja tu amalize uhandisi na sasa anafanya kyeyo, kibarua cha ughaibuni, ya kubeba mizigo bila karatasi. Baba yake tulimzika 2021, yeye akaangalia kwenye simu, nikamshikia simu juu ya kaburi ili aone. Hawezi kutoka maana akitoka ndiyo basi. Nguo zake za chuo bado ziko kwenye sanduku, nazianika kila kiangazi zisiingie nondo. Mwanangu wa Masindi, mkikaa na dogo, muulizeni na hili la kurudi, msiulize hela tu.

Binti wa Arua
Pole sana mama. Mungu akurudishie mtoto.

Dada Kansanga
Mama shikamoo na pole. Nililia nikisoma hapo kwenye sanduku.

Nakulabye Finest
Niongeze moja kwa wale ambao tayari wana viza. Msimamizi wa nyumba tuliyofikia alikusanya pasipoti zetu, eti anazitunza, na kazini saa zangu zikashuka kutoka 40 za mkataba mpaka 18, huku chumba kinakatwa kile kile. Siku kumi nilikuwa nanunua mkate na ndizi tu. Halafu nikakumbuka kile kijitabu cha haki walichotupa ubalozini, ambacho wengi tunakitupa kwenye begi bila kusoma. Kimeandikwa wazi kwamba hakuna mtu ana haki ya kushika pasipoti yako. Nikampigia sponsa, wao wanatakiwa kuwasiliana na sisi kila mwezi hata hivyo, nikamweleza yote. Pasipoti ikarudi siku ile ile, na baada ya wiki moja wakanihamishia kwa mwajiri mwingine. Nilikuwa naogopa kwamba nikilalamika nitarudishwa nyumbani. Hakuna aliyenirudisha.

Mwana wa Masindi
Mrejesho wadau. Nimekwenda nyumbani wikiendi, nimemsomea mzee majibu yenu yote, ya Mama Bombo nimeyasoma mara mbili kwa sababu yeye aliomba. Halafu tukampigia ajenti, spika wazi. Nikamuuliza sponsa anaitwa nani, akasema hiyo ni siri ya kampuni. Nikamuuliza mwajiri ni nani na malazi bei gani, akasema hayo mnapewa mkishalipa. Mzee akachukua simu akauliza, "Sasa nikilipa na isiwe?" Akajibiwa, "Mzee, wewe mwamini Mungu."

Mzee amerudisha karatasi za shamba kwenye sanduku. Dogo hakula chakula cha jioni, alikaa nje kwenye mti mpaka saa tano, na mimi simlaumu, wenzake watatu wameshalipa. Nilikaa naye. Nimemfungulia ile orodha ya wadhamini kwenye simu yangu na tumeandika barua pepe mbili, moja imejibiwa, wanasema msimu huu wamefunga, wanaanza kupokea tena Oktoba. Nimewatafuta pia wazazi wa wale wenzake watatu, mmoja amekubali kuja Jumamosi tuongee.

Dada Kansanga nimekutumia ujumbe kule ndani. Naomba umpigie dogo ukipata nafasi, mpe zile hesabu za daftari kwa mdomo wako, nikimwambia mimi anasikia kaka anayemzuia tu.